Kilio cha Truphena

Siku hiyo wivu ulivaa hereni, ukapaka rangi ya midomo, ukaketi safu ya mbele katika ukumbi wa Makongeni. Kwa miaka mingi Truphena ndiye aliyeigiza mke anayepigwa na mumewe. Akilia yeye, ukumbi mzima unatoa leso. Sasa Jackton, kiongozi wa kikundi chao cha maigizo, alikuwa amempa nafasi hiyo Idil, kasichana ka juzi tu kutoka Komarock, na Truphena akaambiwa apumzike kidogo. Apumzike! Kwani nani alimwambia amechoka?

Alijidanganya kwamba amekuja kutazama tu. Ukweli ni kwamba alikuja kumwona msichana wa watu akiaibika.

Na kwa macho yake, Idil alikuwa mkavu kama ugali wa jana. Oketch, aliyeigiza mume, alimzaba kofi la mchezo eti chakula kimepoa. Idil hakulia. Alimkazia macho, kisha akainama kuokota sahani. Hata chozi la kusingizia hakuna! Nyuma, wanawake waliguna na kusogezasogeza viti. Wamechoshwa, Truphena aliwaza, na roho yake ikafurahi sana.

Hapo Jackton akapiga filimbi, waigizaji wakasimama tuli. Ndiyo desturi yao: mchezo hukatizwa penye uchungu, na mtazamaji anayeona njia nyingine hupanda jukwaani, akashika nafasi ya mhusika na kuionyesha.

"Nani hapa angefanya tofauti?" Jackton aliuliza.

Adoyo, muuza samaki wa omena kutoka Kayole, alikuwa ameshainuka, leso ameikaza kiunoni. Truphena hakumngoja. Alipanda mbio, akamsukuma Idil kwa bega. "Hebu kaa kando nikuonyeshe, mtoto wangu."

Oketch akarudia kofi lake. Truphena akaanguka, akalia. Jamani, mama huyo alilia! Alimwita mamake aliye kaburini, akailaani siku ya harusi, akagaagaa sakafuni mpaka kilemba kikamtoka. Watu walilia naye, kisha wakampigia makofi mengi. Akamtupia Idil jicho: umeona?

"Asante, dada," Jackton alisema. "Nani mwingine?"

Watu walikuwa wanapangusa macho. Jackton aliuliza tena, na hakuna aliyenyanyuka. Adoyo naye alikuwa amerudi kuketi.

"Adoyo, si ulikuwa unakuja?"

"Nilikuwa, bana." Adoyo alipenga kamasi. "Huyo msichana alinipandisha hasira. Nilikuwa nakuja kumwambia huyo jamaa vile sijawahi kumwambia wangu. Sasa Truphena amelia, na mimi nimelia, roho imetulia. Wacha tu niende nipike."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Truphena. Miaka yote wanawake walikuwa wakimkumbatia mlangoni, wakimshukuru kwa kuwaliza, kisha wanaharakisha kurudi kwa waume walewale. Naye alikuwa akienda nyumbani akiringa.

Alimtazama Idil, aliyesimama pembeni. Bado alimchukia, pengine kuliko mwanzo, kwa maana sasa alijua msichana huyu ana kitu ambacho yeye hajawahi kuwa nacho. Alijizoazoa kutoka sakafuni, akakung'uta gauni.

"Rudi mahali pako," alimwambia. "Na usithubutu kulia."