Kahawa ya Ganda Kwenye Kopo la Shangazi Tadea

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, mimi Devotha Ndunguru, mhitimu wa kidato cha sita na mtafiti huru wa mambo ya ladha, ninawatangazia wakulima wote wa Kitura, Namswea, Litumbandyosi na popote upepo utakapolifikisha tangazo hili, kwamba enzi ya kuosha kahawa imefika mwisho.

Tangazo hilo nililitoa mwezi wa sita, nikiwa nimesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa nyuma ya jiko. Waliohudhuria ni kuku, mbuzi aliyefungwa kamba, na Shangazi Tadea, ambaye sikujua kwamba amesimama mgongoni kwangu na beseni la kahawa mbivu kichwani.

"Shuka kwenye ndoo yangu," alisema. "Hiyo ni ya kuoshea kahawa."

Nikashuka. Enzi ya kuosha kahawa ikaendelea.

Shangazi Tadea ni dada yake baba, na kwake ndiko ninakosubiri matokeo ya mtihani. Yeye ndiye mtunza tangi wa kikundi chetu cha kahawa, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Watu wote wa kikundi huleta kahawa mbivu kwenye mashine, zinamenywa ganda jekundu, kisha punje zikiwa bado zina ulenda wake, ule utelezi wa tunda, zinalala ndani ya tangi mpaka ulenda ule uchachuke na kulegea. Saa ya kuziosha haisemwi na saa ya ukutani. Anaisema Shangazi. Anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anachota punje, anazisugua kiganjani huku amefumba macho kama anayesali. Zikiteleza, anazirudisha. Zikikwaruza kama changarawe, anapiga kelele, "Maji!" na sote tunakimbia. Funguo za mashine na stoo hulala kwenye pindo la khanga yake, na nadhani hata kanisani husali huku amezishika.

Sasa, kuna njia nyingine. Unaweza kuianika kahawa nzimanzima, na ganda lake na nyama yake, mpaka ikauke kama zabibu kavu, ndipo uikoboe. Hiyo ndiyo kahawa ya ganda. Huku kwetu kuitaja mbele ya Shangazi ni kama kumtajia padri mganga wa kienyeji.

"Kahawa ya ganda ni ya mvivu," alisema jioni ile tukila ugali. "Mtu kashindwa kumenya, kashindwa kuchota maji, anazitupa juu ya turubai anakwenda kulala."

"Lakini Shangazi, sukari ya tunda si inabaki inachachuka taratibu na punje ikiwa humohumo ndani? Pengine inakuwa tamu zaidi."

"Hayo mmefundishwa na masista?"

"Tumefundishwa uchachukaji, Shangazi. Hayo mengine nimeongeza mimi."

"Basi ongeza na maharage kwenye sahani yako, unyamaze. Mtu mwenye ulimi akionja ya ganda, anaijua hapohapo."

Ni sentensi hiyo iliyoniharibu. Mimi nimekaa bweni miaka sita, na jambo moja nimelithibitisha kwa majaribio mengi yaliyonipeleka mara nyingi ofisini kwa matroni: watu wazima wakishaambiwa hiki ni kitu fulani, wanaonja kile walichoambiwa. Nimewahi kumwekea mwalimu wa zamu majani ya mpera kwenye birika, akasifu chai. Nikaona kwamba hata huyo mtaalamu wa kuonja kahawa, aliyekuwa anatarajiwa mwezi wa saba, atavuta, atatema, atafumba macho na kusifu chochote kilichoandikwa kwenye kopo la sampuli. Kisha nitasimama na kufichua siri, watu watacheka, Shangazi atanifukuza kuzunguka mashine, na sayansi itakuwa imeshinda.

Nilichuma kahawa mbivu kwenye miche yetu, nikajaza mkoba, nikapanda basi kuteremka ziwani kwa Bibi Albina, mama yake mama, upande wa Liuli. Ziwani jua lilikuwa kali kama lina ugomvi na mtu. Bibi anaanika usipa, dagaa wa huko ziwani, kwenye vichanja vya matete, akanipa kichanja kimoja cha pembeni.

"Kisogeze mbali zaidi," alisema. "Kahawa yako isije ikaninukisha usipa wangu."

Nikakisogeza mpaka ng'ambo ya nyumba. Kila siku nilizigeuza kahawa zangu kwa mkono, jioni nikazifunika. Zilinyauka, zikawa za zambarau, kisha nyeusi. Mwanzoni zilinuka majani mabichi. Baadaye, nilipoinama kuzigeuza, nilishtuka: zilikuwa na harufu ya kitu ambacho ungetaka kukila. Nikapanda nazo basi kurudi Kitura, roho imetulia kabisa. Huo ulikuwa utulivu wangu wa mwisho.

Sikuhitaji hata ujanja. Siku ya kuandaa sampuli Shangazi mwenyewe aliniletea kahawa iliyooshwa na kukaushwa, ameitoa kwenye magunia ya stoo, gunia kwa gunia, konzi kwa konzi.

"Itwange taratibu, upepete, ujaze kopo. Usinivunjie punje. Nakuamini wewe kuliko hao wavulana."

Nikazificha za kwake, nikazitwanga za kwangu. Kopo likajaa. Shangazi akalibandika karatasi: KITURA, YA KUOSHA. Akalipeleka.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu mzito, miche ya jirani haionekani. Kwenye nyumba ya kikundi mtaalamu alikuwa ameshakaanga. Anaitwa Ottilia, mwanamke mwembamba asiyetabasamu ovyo, aliyetumwa na wanunuzi. Juu ya meza alipanga vikombe safu mbili: safu moja kahawa yetu ya msimu uliopita, safu ya pili ya kopo jipya. Watu wamejaa hadi mlangoni. Mimi nilijiweka karibu na dirisha, tayari kwa ushindi.

Ndipo Mzee Stanslaus, mwenyekiti wetu, akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Kwa wageni, nieleze. Kopo hili linasema kwa niaba ya magunia yote ya stoo. Likipita, mzigo unaondoka na jina letu, kahawa ya kuosha ya Kitura. Likikutwa na ya ganda humo, mzigo wote unahesabiwa umechanganywa, unakwenda kwenye rundo la kahawa isiyo na jina. Na mtunza tangi anakabidhi funguo."

"Kanuni hiyo niliiomba mimi mwenyewe," alisema Shangazi, kifua mbele.

Watu wakaguna, kwa sababu kila mtu alijua. Mwaka jana aliyerudishiwa magunia yake mlangoni na Shangazi, mchana kweupe, ni Mzee Stanslaus huyohuyo. Tangu siku ile wanasalimiana kama watu wawili wanaopita kwenye daraja la gogo.

Mzigo wote? Nyumba zote? Nilidhani kopo ni kopo! Bwenini ukibadilisha birika, linaharibika birika hilo tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba konzi chache za kahawa zinaweza kusimama badala ya stoo nzima. Au labda niliambiwa nikiwa juu ya ndoo.

Nikajipenyeza mpaka mezani. "Shikamoo, dada."

"Marahaba." Ottilia alikuwa anapima maji ya moto.

"Samahani, kopo lile lina kasoro."

"Kasoro gani?"

Shangazi alikuwa ananitazama, anatabasamu kwa fahari, mtoto wetu msomi anaongea na mtaalamu.

"Rangi yake," nikasema.

"Ya kahawa?"

"Ya kopo."

Ottilia alinitazama kidogo. "Rudi dirishani, mdogo wangu. Mezani hapaguswi."

Nikarudi. Nikamwomba Mungu alete tetemeko dogo, la meza tu. Halikuja.

Ottilia alianza na ya msimu uliopita. Alichota kijiko, akavuta kwa sauti ambayo bwenini kwetu ingekupatia adhabu ya kufagia bwalo. Akatema kwenye kopo tupu la pembeni.

"Safi," alisema. "Ina uchachu wa limau, kisha inakuwa nyepesi kama chai ya rangi. Inapita mdomoni kama maji ya kijito, haiachi tope. Mama, hapa uliosha vizuri."

Shangazi akainamisha kichwa kwa adabu. Ottilia akahamia safu ya pili. Akavuta. Akasimama na kijiko hewani. Akavuta kikombe cha pili, cha tatu. Nje mtu alikohoa, wakamnyamazisha.

"Masuku," alisema mwishowe.

"Nini?" aliuliza Mzee Stanslaus.

"Masuku, yale matunda ya porini, yaliyoiva yakalala siku moja. Na nyuma yake, ulanzi, pombe ya mianzi. Ulanzi mtamu, haujawa mkali."

Shangazi hakuelewa kama anasifiwa au la. "Ni nzuri?"

"Ni nzuri sana, mama. Ndilo tatizo." Ottilia aliweka kijiko chini. "Kahawa hii haikuoshwa."

Nilisikia kelele zinapanda kama maji ndani ya sufuria. Ottilia alinyoosha mkono akaeleza bila kupandisha sauti. Ukimenya mapema na kuosha, punje inabaki peke yake, ndiyo maana unapata ule usafi na ule ulimau. Ikikauka ndani ya tunda lake, sukari na uchachu wa nyama vinakaa nayo muda wote, inakuwa nzito, inakuwa na tunda. Hakuna njia iliyo dhambi. Lakini karatasi inasema kuosha na mdomo unasema ganda, na yeye hawezi kutia sahihi juu ya vitu viwili.

Kwa hiyo kumbe wanajua. Kumbe hawajifanyi! Nadharia yangu ya miaka sita ilianguka pale, na hakuna aliyeiona ikianguka isipokuwa mimi.

"Haiwezekani," alisema Shangazi. "Kila gunia limepita mikononi mwangu."

"Basi limepita na la ganda," alisema mtu nyuma.

"Nasema haiwezekani!" Halafu sauti yake ikashuka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. "Siku ya mazishi ya jirani yetu, marehemu Serafina, nilichelewa kurudi. Kahawa ililala kwenye tangi kupita saa yake. Labda ndiyo ladha hiyo. Labda nilichelewa kuosha, sikujua."

"Ikipitiliza kwenye tangi inanuka siki na kitunguu kilichooza," alisema Ottilia kwa upole. "Hii hainuki hivyo. Hii imekaushwa vizuri sana na mtu aliyeijali."

Sifa ile ilinichoma kuliko kofi. Nilifungua mdomo. Nikaona macho ya watu wote wa kikundi, kina mama waliochuma kwenye baridi vidole vimevimba, nikaufunga. Nikajiambia, subiri kidogo, pengine litapita. Halikupita. Shangazi alikuwa ameshaanza kufungua pindo la khanga. Vidole vyake, vile vinavyojua kila punje, vilikuwa vinashindwa na fundo lake mwenyewe.

"Kama siyo tangi, basi ni mimi," alisema. "Niliangalia, sikuona. Kanuni ni kanuni." Akaweka funguo mezani, kando ya vikombe.

Wote tulimgeukia Mzee Stanslaus. Alikuwa na haki ya kucheka. Mwaka mzima aliisubiri siku hii. Alichukua kikombe cha masuku, akanywa bila kuvuta, kama mtu anayekunywa uji, akakirudisha mezani.

"Huyu mama hakufanya hili," alisema.

"Mwenyekiti?"

"Nitasema jambo, na msinicheke. Mwaka jana mke wangu aliumwa, sikuwa na mtu wa kumenya. Nikaanika za ganda uani. Mnakumbuka baridi ya mwezi wa saba. Zilikaa zimelowa, zikaota manyoya meupe kama panya. Ndizo Tadea alizozirudisha mlangoni, na alifanya sawa, mimi ndiye niliyenuna." Akafuta midomo. "Tazameni nje. Soksi zangu za Jumapili bado zimelowa kwenye kamba. Kahawa nzima kama hii, isiyo na hata harufu ya ukungu, haiwezi kukauka Kitura miezi hii. Hata Mbinga mjini haiwezi. Hii imeanikwa mahali penye jua kali. Hii imeshuka ziwani ikapanda tena."

"Nani hapa ametoka ziwani?" aliuliza Ottilia.

Hakuna aliyeonekana kutoka ziwani. Wote walikuwa na sweta na midomo iliyopauka kwa baridi. Mmoja tu alikuwa na pua inayobambuka ngozi kwa jua.

Shangazi aligeuka polepole mpaka macho yake yakafika dirishani. Hakuniita jina. Aliitazama pua yangu, kisha mikono yangu, ambayo madoa ya zambarau yalikuwa hayajatoka kwenye kucha.

"Kopo nilikupa wewe," alisema.

Nilikuwa na hotuba ya siku hii. Nilikuwa nimeiandaa vizuri, na salamu kwa mgeni rasmi, na mahali pa kupigiwa makofi. Haikutoka.

"Ni mimi, Shangazi. Za kwako ninazo, zote, ziko kwenye sanduku langu la shule, sijapunguza hata punje. Magunia hayana ya ganda, dada Ottilia, mkaangalie, ni kopo tu. Nilitaka mcheke. Nilidhani hamjui, nilidhani mnajifanya tu kuonja. Nilizianika Liuli kwa Bibi, yeye hajui lolote. Nilitaka kusema tangu pale dada Ottilia alipouliza kasoro, nikasema rangi ya kopo. Shangazi, chukua funguo zako. Tafadhali zichukue kwanza, halafu ndiyo unipige."