Kilo Tano Juu ya Kapi

Kaze alianguka na pikipiki ya abiria Jumatatu asubuhi, kwenye mteremko wa Kagarama, akiwa njiani kwenda chuoni kufanya jaribio la pili la fizikia. Dereva alipata michubuko tu. Alikaa naye pembeni ya barabara mpaka gari la wagonjwa lilipofika, akimwombea kwa Mungu na kumwomba radhi kwa zamu. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika.

Hospitalini daktari alimweleza kwamba upasuaji ungekuwa wiki inayofuata, na mpaka wakati huo mguu ungevutwa ili vipande vya mfupa visipandane. Wakaufunga bendeji ndefu, bendeji wakaitia kamba, kamba ikapita juu ya kapi dogo, kigurudumu chenye mfereji, mwishoni mwa kitanda. Upande wa pili ikaning'inia mifuko ya mchanga, kilo tano.

Dawa za maumivu zilimfanya aelee. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukajaa dirishani, na kwa nusu saa wodi nzima haikuwa na mwisho: mashuka meupe, ukuta mweupe, kisha weupe tu. Nyakati nyingine alihisi kitanda kinateremka kilima polepole, bila kelele, naye hana haja ya kukisimamisha.

Mazoezi ya nyumbani, hata hivyo, yalimfuata hukohuko. Mucyo, mwenzake wa darasa la mwaka wa kwanza, alimtumia kwa simu picha ya maswali matano ya kukabidhi Ijumaa. Kaze aliyatazama kama mtu anayetazama nyumba ambayo hajawahi kupata mlango wake. Sekondari alikuwa akishika nafasi za mbele. Chuoni, jaribio la kwanza alipata mbili kwa kumi. Tangu siku hiyo alikuwa na barua kwenye simu, ya kuomba kuhamia masomo ya biashara. Hakuwa ameituma.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Bi Raihana, fundi cherehani wa Nyamirambo, aliyevunjika nyonga kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe. Babu yake alikuja zamani na vitambaa kutoka pwani, akaoa, akabaki. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao. Cha Kaze kilikuwa cha sokoni, lakini Bi Raihana hakumsahihisha. Mchana ulikuwa mrefu, na wote wawili hawakuweza kwenda popote, kwa hiyo Bi Raihana alimwomba amsomee yale maswali yaliyokuwa yakimfanya agunegune.

Kaze akamfasiria la tatu. Kamba moja imepita juu ya makapi mawili, na kila mwisho umening'inizwa uzito wa kilo nne. Katikati ya kamba iko mizani ya kupima mvutano wa kamba. Itasoma ngapi?

"Wewe umesema ngapi?" Bi Raihana aliuliza.

"Nimesema sifuri. Huku inavuta, huku inavuta, zinamalizana. Lakini kitabu kinakataa."

"Kwani hiyo mizani inapima nini hasa, mwanangu?"

Kaze alilisoma swali tena. Alikuwa ameandika neno hilo, mvutano, mara nyingi sana bila kujiuliza ni kitu gani.

Alasiri mvua ikanyesha juu ya mabati, naye akasinzia. Aliota kamba imefungwa kutoka kilima hadi kilima, kutoka Kagarama kuvuka hadi mashamba ya Gahanga, na watu wameanika nguo zao juu yake. Hakukuwa na upepo. Nguo zote zilikuwa zimetulia, na katika utulivu huo alisikia kamba ikilia kwa sauti nyembamba sana, kama uzi wa zeze.

Aliamshwa na raha. Mguu ulikuwa mwepesi, kama umerudishwa kwa mwenyewe. Raha hiyo haikudumu. Misuli ya paja ilijikaza, na maumivu yakampanda mpaka kwenye meno. Aliinua kichwa. Usingizini alikuwa ameteleza kuelekea mwisho wa kitanda, na mifuko ya mchanga ilikuwa imekaa sakafuni. Kamba ilikuwa imelegea juu ya kapi.

"Mama, mchanga umefika chini," alimwambia Bi Raihana. "Sakafu imeubeba. Mguu hauvutwi tena."

Bi Raihana hakuweza kuinuka. Akachukua kijiko chake cha chai akagonga chuma cha kitanda, akagonga na kugonga, mpaka muuguzi Twagirayezu akaja na mwenzake. Walimshika Kaze kwapani, wakampandisha taratibu. Mifuko ikainuka kutoka sakafuni, ikabembea kidogo, ikatulia. Kamba ikakaza. Twagirayezu akamsifu kwa kutambua, kisha akaenda kuandika taarifa.

Kaze alibaki akiitazama ile kamba. Mchanga haukushuka. Mguu wake haukwenda mbele. Hakuna kilichotembea, na bado kwenye kifundo cha mguu alihisi mvuto wote, mzima.

"Si sifuri," alisema. "Kusimama si sifuri. Mchanga unavuta na mimi navuta, kwa hiyo kamba iko inabeba kilo tano. Si kumi. Mizani inapima kile kamba inabeba."

"Na upande ule mwingine wa swali lako?"

"Ile kilo nne ya pili ni kama mimi hapa. Kazi yake ni kuzuia tu. Mizani itasoma nne."

Bi Raihana alilifikiria jambo hilo, akasema sasa ataweza kulala.

Kaze aliandika majibu akiwa chali, daftari likiwa limeegemea sinia kifuani, akamtumia Mucyo picha ayakabidhi. Yalirudi siku moja kabla ya upasuaji: sita kwa kumi. Swali la tano, la gari kwenye kona, halikuwa na hata alama moja. Alilisoma tena mara mbili, kisha akaifuta ile barua ya biashara na kumwomba Mucyo amtumie mazoezi yanayofuata.

Wiki ya tatu, upasuaji ukiwa umekwisha, walimsimamisha kwa magongo. Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Alishusha kwanza mguu usiovunjika, akauegemezea mwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akahisi wazi jinsi sakafu inavyomsukuma juu, kwa nguvu sawa na uzito wake, bila chochote kusogea. Alisimama hapo muda mrefu kuliko alivyoambiwa.