Migongo ya Picha Kumi na Saba

Watu hunisifu kwa subira. Mimi sina subira. Nina ukaidi, na ukaidi ukikaa sana mahali pamoja watu huanza kuuita subira.

Miaka kumi na saba nimechora kilima kimoja. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, jua halijapanda, nabeba turubai, rangi na stendi yangu ya miguu mitatu, natembea hadi kwenye jiwe bapa kando ya barabara ya vumbi, naketi. Nachora nikionacho. Sichori kutoka picha ya simu wala kutoka kichwani. Nikijifungia chumbani mkono wangu huwa mzito, rangi zote hutoka za aina moja. Nataka upepo unipige, siafu waniume, na mpita njia asimame aniulize kama nimekosa kazi ya kufanya.

Kabla sijaondoka pale jiweni nageuza turubai na kuandika mgongoni kwa penseli: siku, saa, hali ya hewa, nani alikuwepo, na kilima kikoje. Uso wa picha unaweza kuremba kidogo, maana brashi ina ujanja wake. Mgongo sijaupa ruhusa hiyo. Hata kamba za kutundikia nazifunga juu ya fremu, si nyuma kama wafanyavyo wenzangu, ili nikitaka kusoma nageuza tu.

Mwaka wa kwanza kilima kilikuwa kizima, mabega mawili na kichwa. Mwaka wa tatu ikaja kampuni ya kokoto na mashine zake. Bega la kushoto likaenda, kisha la kulia, kisha kichwa. Mwaka huu nilichora shimo, na juu yake anga kubwa ambalo halikuwahi kuwepo.

Ukumbi mkubwa wa maonyesho ulishanikataa mara tatu. Mara ya mwisho waliniambia mandhari zangu zinawanyong'onyeza wageni. Kwa hiyo barua ilipokuja kwamba safari hii picha zote kumi na saba zimekubaliwa, ukuta mzima, peke yangu, nilikaa kitandani nikalia kama mtoto. Mdogo wangu, ambaye ni fundi cherehani na hana mzaha na kitambaa, alinishonea gauni la bluu usiku na mchana.

"Dada, hilo gauni usilitie rangi," aliniambia. "Na mdomo wako pia uuchunge. Siku moja tu."

Tulifika saa moja kabla ya ufunguzi. Kuta zilikuwa zimepakwa upya, taa mpya, sakafu inang'aa hadi unaona soli za viatu vyako. Nikaingia mlangoni, na picha ya kwanza niliyokutana nayo ilikuwa shimo.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikasogea. Baada ya shimo, kipande cha kilima. Baada ya kipande, bega. Kadiri nilivyokwenda ndivyo kilima kilivyonenepa, mpaka mwisho wa ukuta kikasimama kizima, kijani, kimependeza, na juu yake maandishi makubwa: KILIMA KINACHOINUKA.

Mimi maonyesho yangu niliyaita Kilima Kinaliwa.

Mratibu wa ukumbi alikuja mbio, meno nje. Ni kijana mtanashati. Mafundi wake humwita Bwana Taratibu, kwa sababu kila jambo kwake ni taratibu, taratibu.

"Mama, umeonaje? Imekaa vizuri, eeh?"

"Imekaa kinyumenyume."

"Taratibu, mama. Tumefikiria safari ya mtazamaji. Mtu atoke hapa ana furaha."

"Kwa hiyo kampuni inajenga vilima siku hizi?"

Akatazama mlangoni, akashusha sauti. Mgeni rasmi alikuwa meneja wa kampuni ya kokoto. Taa hizo ni zake, rangi ya kuta ni yake, na hotuba alishaandika: kuhusu kuinuka. "Hatujabadilisha hata nukta moja kwenye kazi yako," akasema Taratibu. "Tumegeuza mpangilio tu."

"Basi geuza tena."

"Muda hautoshi. Ni hivi, mama, au tuzishushe zote. Na ukizishusha leo, mlango huu..." Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

Mdogo wangu alinivuta kiwiko hadi pembeni. "Dada, kubali. Umeungoja ukuta huu maisha yako yote. Watu wataona unavyochora, inatosha. Hayo mengine nani atajua?"

"Mimi."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akakaa kwenye benchi na kunipa mgongo.

Nilisimama mbele ya picha ya nane. Sitaficha, niliogopa. Nina miaka hamsini na tisa, magoti yameanza kulalamika, na ukuta kama ule hautanijia tena. Nilijaribu kujishawishi kwamba mdogo wangu ana haki. Nikakaribia kabisa kukubali. Halafu nikakumbuka kilichoandikwa nyuma ya ile ya nane, na hasira ikanipanda toka kwenye nyayo.

Nikaishika fremu, nikaigeuza, nikaiacha inayumba kwenye kamba yake, mgongo nje. Nikaenda kwa ya tisa. Nikageuza. Ya kumi. Taratibu alikuwa mlangoni anapokea wageni, na alipogeuka ukuta mzima ulikuwa turubai kavu, mbao na maandishi ya penseli.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nimegeuza mpangilio tu. Sijabadilisha hata nukta."

Macho yalimtoka. Lakini wageni walishaingia, na meneja mwenyewe katikati yao, mwanamume mnene mpole wa suti ya kijivu, karatasi ya hotuba mkononi. Kung'ang'ania picha mbele ya mgeni rasmi? Taratibu alikunja mikono, akatabasamu kama mwenye jino bovu.

Watu walisimama. Wengine walicheka, wakidhani ndiyo sanaa ya siku hizi. Kisha mwanamke mmoja mwenye miwani akainama kwenye ya kwanza toka mlangoni, akasoma, akaangalia tarehe, akaangalia ya pili.

"Hizi zinaanzia kule," akasema, akanyoosha kidole mwisho wa ukumbi.

Wakahama wote. Walikwenda hadi mwisho wa ukuta, chini ya yale maandishi makubwa, wakaanza kusoma wakirudi kuelekea mlangoni, mwaka baada ya mwaka, kama nilivyotaka tangu mwanzo. *Saa mbili asubuhi. Upepo wa kusini. Mchunga mbuzi na mbuzi wake tisa. Kilima kizima.* Baada ya hapo, *mashine mbili za njano.* Baada ya hapo, *mchunga mbuzi hayupo, nimeambiwa amehama.* Kicheko kilikatika chenyewe.

Mdogo wangu aliinuka kwenye benchi. Alifika kwenye ya nane akaanza kusoma kwa sauti, nadhani bila kujua kama sauti inatoka.

"'Saa tatu. Jua kali, vumbi. Bega la kushoto limekwisha. Leo mama ameniuliza kilima kikoje. Nimemwambia kizima. Akapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akaninyooshea kimejaa vumbi la mawe: basi hili nini?'"

Mama yetu alikuwa amepofuka mwaka uliotangulia. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha lililotazama kilima, na kila asubuhi aliuliza habari zake kama mtu anayeuliza hali ya jirani. Alifariki mwezi uliofuata. Yale maneno sikuwahi kumweleza mtu yeyote. Niliyaacha kwenye mgongo wa picha.

Mdogo wangu alinitazama. "Na mimi aliniuliza," akasema. "Nikamwambia kizima. Dada, akanionyesha kidole kilekile."

Tulishikana mikono pale mbele za watu, gauni la bluu na yote. Kisha akajifuta macho kwa kiganja, akaenda kusimama kando ya picha ya nane, na fundi mmoja wa ukumbi aliponyemelea kuigeuza alimwambia, "Thubutu." Kijana wa watu akarudi alikotoka.

Meneja alisoma zote. Namheshimu kwa hilo; hakuruka hata moja. Jasho lilimtoka shingoni, na hotuba aliikunja mara mbili, mara nne, hadi ikawa ndogo ya kutosha kuingia ngumini. Akafika kwenye ya kumi na saba, ile ya shimo, karibu na mlango. Mgongo wake ulikuwa na tarehe na saa tu. Siku ile pale jiweni penseli ilinishinda.

"Huu haujaandikwa," akasema, taratibu kuliko Taratibu.

"Nilikuwa sijapata la kuandika."

Nikafungua mkoba, nikatoa penseli. Taratibu alininong'oneza sikioni kwamba nikiandika nisikanyage tena ukumbi ule, na nilimsikia vizuri sana. Nikaegemeza mkono kwenye fremu isiyumbe, nikaandika polepole, herufi kubwa, ili na wa nyuma waone:

*Hali ya hewa: ndani, taa mpya. Aliyekuwepo: meneja wa kokoto, amesoma zote. Kilima: hakipo, mama. Hakipo.*