Kucha za Bi Widad

Asumini ya Bi Widad ilikuwa imegoma kutoa maua mwaka mzima, na Noor anaolewa baada ya miezi mitatu. Hiyo ndiyo ishu iliyotukalisha uani kwa Wahiba kila mchana, Mbagala yote imelegea kwa joto, sie tuko mkekani na kahawa yetu, tunautazama ule mti kama watu waliokwenda kumjulia hali mgonjwa.

Noor ni binti pekee wa Wahiba. Tangu siku ya posa alisema neno moja: "Kikuba changu cha kubana kifuani kitoke kwenye asumini ya bibi. Mkininunulia sokoni, sivai." Na bibi mwenyewe, Bi Widad, mama yake Wahiba, tulikuwa tumemzika mwaka jana.

Siku ya arubaini Wahiba alifunga kanga ya marehemu kwenye nguzo inayoubeba ule mti, akatangaza: "Mkono wa mtu usiguse. Wa mwisho kuugusa ni mama." Tukatii. Hata watoto wa mpira walihamia kwingine. Yeye akawa anaumwagilia kila alfajiri kabla hajafungua duka, anautilia samadi, anausemesha. Mti ukapanda. Ukapanda tu, ubua mmoja mwembamba, ukapita bati, ukawa unayumba huko juu peke yake.

"Unamtafuta mama," Wahiba alisema, na hakuna aliyecheka.

Maneno yakazagaa. Wengine wakasema mti umefiwa. Mie kwa mdomo wangu huu nikasema ni husuda ya Hamisa wa genge la pili, Mungu anisamehe.

Mpaka siku hiyo Mwalimu Elinaza, mpangaji wa chumba cha uani, mwanamke wa Upareni anayefundisha baiolojia, akainua uso kwenye madaftari aliyokuwa anasahihisha.

"Dada Wahiba, huu mti hauumwi. Umenyamazishwa."

"Na nani?" nikadakia. "Mtaje leo leo!"

"Na ncha yake mwenyewe. Kule juu kabisa inatengenezwa homoni, inaitwa auksini."

"Jina kama la straika wa kigeni."

"Sikiliza basi, shoga. Inashuka taratibu ndani ya ubua, mchana na usiku, na kila kichipukizi cha pembeni ujumbe unakifikia: lala, bado zamu yako. Kutoka mizizini nako inapanda homoni nyingine, yenyewe inasema: amka. Mti unapima hizo mbili. Ncha ikiachwa, wa pembeni wanalala. Ikikatwa, sauti ya juu inapoa, wanaamka, matawi yanatoka. Na asumini maua yake inayatoa kwenye matawi mapya."

"Kumbe mti nao una umbea!"

"Mwingi tu. Ila wa kwake una mpangilio, sio kama wako."

Tukacheka wote, kasoro Wahiba. Alikuwa amesimama, kashika ile kanga.

"Hukati kitu, mwalimu. Ile ncha ndo inayomtafuta mama."

Noor akainama, akawa anachezea pete yake ya posa. Joto likanishika kope, nikajilaza mkekani, na nusu nalala nusu naona, nikamwona Bi Widad kwenye kigoda chake. Harufu ya asumini imejaa uani kama maji kwenye beseni. Anatusimulia ya yule bwana harusi wa Msasani aliyezimia mbele ya kadhi, na mkono wake wa kulia hautulii, uko kwenye majani. Habari ikifika penye utamu, ta, kucha zinakata. Ananyamaza ili tumsihi aendelee. Ta. Vijani vidogo vya kijani vinamdondokea mapajani.

Nikafumbua macho. "Wahiba, mama'ko alikuwa anaukata kila siku."

"Muongo mkubwa wee!"

"Kwa kucha. Akifika penye utamu."

"Kweli, mama," Noor akasema polepole. "Bibi alikuwaga anaviacha kwenye sahani ya kahawa. Mie ndo nilikuwa navimwaga."

Mwalimu akaweka kalamu nyekundu chini. "Basi yeye ndo alikuwa anawaamsha wale wa pembeni."

Wahiba alitazama juu, kule kwenye ubua uliokuwa unayumba, muda mrefu. Kisha akaenda dukani, akarudi na kreti la soda, akapanda. Akauvuta ule ubua chini kwa upole, kama mtu anayemwinamisha mtoto amsuke. Ncha ikawa mkononi mwake.

"Nisimulieni kitu," akasema. "Mama hakuwahi kuukata watu wamenyamaza."

Jamani, mie! Nikaanza na ya bwana harusi wa Msasani, nikaongeza chumvi yangu. Alipofika kuzimia, nikanyamaza.

Ta.

Wiki ya pili vichipukizi vikavimba kwenye ubua, vidogo kama punje za mtama. Ya tatu vikafunguka kuwa matawi. Kila mchana tulikaa, tukasimulia, Wahiba akakata, mpaka mwalimu alipotia breki: "Sasa basi. Mkiendelea hivyo hamtaacha ncha ya kuweka ua. Umbea ruksa, kucha hapana." Ule mwezi wa mwisho ulitutesa.

Alasiri ya harusi tukachuma vitumba vikiwa bado vimefumba. Vilitosha kikuba kimoja, tena kidogo. Tukakifunga na mrehani, Wahiba akambana nacho binti yake kifuani. Kwa joto la mwili wake vikaanza kufunguka kimoja kimoja, na uani pakanukia mpaka maneno yakatuishia, mie nikiwemo.

Wiki iliyofuata tulikuwa mkekani tena. Nilikuwa nasimulia ya shangazi wa bwana harusi na lile wigi lake kwenye sufuria ya pilau. Wahiba ananisikiliza, mdomo wazi, kaegemea nguzo ya asumini. Nilipofika penye utamu nikasikia: ta.

Hakuangalia mkono wake. Na sie hatukumwambia.