Nukta Nyekundu Kwenye Injini

Roketi yetu ilipaa vizuri sekunde arobaini na moja. Ya arobaini na mbili injini ikazimika. Tukaiona ikiinama kama mtu anayesinzia, kisha ikaanguka baharini. Pale uwanjani watu walishika vichwa. Mimi nilisema moyoni: nimeiua mimi.

Wiki moja kabla, siku yetu Wahindu ya kubariki vyombo vya kazi, kila mtu alipaka chombo chake sandali na unga mwekundu. Fundi nyundo yake, dereva usukani, Pechiammal ninayefanya naye usafi akapaka ufagio. Nikajiuliza, na injini je? Walipokwenda kula, nikapita chini ya kamba tuliyokatazwa kuipita, nikaipaka nukta moja mdomoni mwa bomba. Unga mwingine ukamwagika palepale.

Siku tatu baada ya roketi kuanguka, nikipiga deki, nilisikia wahandisi wakisema kuna kitu kimeziba njia ya mafuta kwenye pampu. Jioni ile Muthaiah, fundi wa pampu, akasimamishwa kazi.

"We Chellakili, una mimba?" Pechiammal aliniuliza tukila. "Mchuzi wa dengu unauangalia kama dawa ya minyoo."

Nikamweleza. Akajiziba mdomo.

"Nyamaza na hilo! Watakufukuza, na mimi nikufuate."

"Na Muthaiah je, dada?"

Akainuka kwenda kuosha sahani.

Asubuhi nikaenda kwa mhandisi mkuu wa injini, mama Vaidehi. Mimi hata kusalimia wakubwa huona haya, lakini siku ile nilisema yote huku nikitazama vidole vya miguu yangu.

"Ulipaka wapi? Njoo unionyeshe."

Akanipeleka kwenye injini ya pili, pacha wa ile iliyoanguka. Nikaonyesha. Akacheka hadi akavua miwani.

"Binti, hiki ni kifuniko! Kimeandikwa hapa: kitolewe kabla ya kurusha. Hukuona?"

"Niliona, mama. Niliishia darasa la tatu. Kiingereza sikijui."

Akaacha kucheka.

"Cha injini ile nilikitoa mimi mwenyewe. Kiko stoo, na nukta yako juu yake. Hakikuruka."

"Na kilichoziba?"

"Hicho kilitoka ndani ya pampu yenyewe. Kuna gurudumu linazunguka mle, jino lake moja lilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Likakatika. Jana tumeifungua hii pacha, nayo ina ufa palepale. Ni kosa la kiwandani, wala si la fundi wetu. Muthaiah anarudi kesho."

Nikakaa sakafuni bila kukaribishwa.

"Tena wewe ni wa nne kudai umeiletea mkosi," akasema. "Dereva amekiri paka alimkatiza njia. Mpishi anasema alipiga chafya roketi ikitolewa. Na mkurugenzi," akashusha sauti, "anadai ni shati lake."

"Shati?"

"La bahati. Mkewe alilifua siku ile, akavaa jingine."

Nikacheka kwa sauti, mimi, mbele ya mkubwa.

"Ila ile kamba usiivuke tena."

"Siivuki, mama."

Nje Pechiammal alikuwa amesimama na ndoo zetu mbili, nguo za kazi amekwisha kuzikunja.

"Tunaondoka?"

"Tunabaki. Si mimi niliyeiua."

Akanipiga kofi la bega, akageuza ndoo moja, akaikalia, akaanza kulia yeye.