Waliookoka Sitini na Mmoja

Fomu yenyewe ilikuwa na mistari saba tu, na Sista aliamini kwamba hata mtoto wa darasa la tatu angeijaza bila kuleta balaa. Ndiyo maana alimwachia Karani. Siku hiyo alikuwa na wajawazito watatu kwa mpigo, mmoja ana mapacha waliokaa vibaya, na mkunga wa kituo kizima ni yeye peke yake. Karani alipomletea fomu imeshajazwa, aliisaini akiwa amesimama mlangoni, glavu ya mkono mmoja tu ameivua, akasema, "Itume," akarudi kwa mapacha wake.

Mji ule ulimwita Sista kama wanavyoitwa wauguzi wote, japo kila mtu alijua fika kwamba ni mmisheni. Msalaba ulikuwa juu ya lango, mkubwa, wa rangi ya buluu, hakuna aliyefichwa kitu. Karibu wakazi wote walikuwa Waislamu, na kwa miaka kumi na moja yeye nao walikuwa wameishi kwa maelewano ambayo hayakuandikwa popote: wao wanaleta wake zao kujifungua, yeye anawapokea, mambo ya dini kila mtu anabaki nayo kwake. Makao makuu hawakuwa na habari ya maelewano hayo. Wao walimtuma akahubiri, na kila robo ya mwaka waliandika barua ndefu kuuliza mavuno yako wapi, naye kila robo aliwajibu kwamba wamwombee. Safari hii walikuwa wamechoka kuombea, wakatuma fomu.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi asubuhi, gari la makao makuu likaingia uani. Akashuka Mratibu wa Uinjilisti na Takwimu, bwana mnene, mwenye moyo mweupe na sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Alimshika Sista mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga.

"Bwana asifiwe, dada. Sitini na mmoja. Kwa robo moja."

"Sitini na mmoja wa nini?"

"Waliookoka, dada. Usijifanye hujui."

Mratibu alifungua jalada akamwonyesha. Mstari wa tano: Waliookoka (ambatisha majina). Na Karani, ambaye akiambiwa ambatisha huambatisha, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kujivunia majina sitini na moja ya wanawake, na kando ya kila jina, mume ni nani na wanakaa mtaa gani.

Tena mtu hawezi kumlaumu. Karani alikuwa ameandika wagonjwa maisha yake yote. Kwake yeye aliyeokoka ni aliyeletwa amebebwa akaondoka kwa miguu yake. Fomu imeletwa kwenye kituo cha afya, imejazwa kwenye kituo cha afya, na yeye ni Mwislamu mtoto wa Mwislamu. Angewaza nini kingine? Alikaa na daftari la wodi siku mbili nzima, akawachambua mmoja mmoja ni nani hasa alichungulia kaburi na nani alikuja na maumivu ya kawaida tu. Wale wa maumivu ya kawaida hakuwahesabu, asije akaambiwa anatia chumvi.

"Jumapili hii," Mratibu alisema, "majina yote yanasomwa redioni, waumini wawaombee wasimame imara. Nimekuja unithibitishie kwa saini, na kama hutajali, nisalimiane na wawili watatu."

Redio ya kanisa ilisikika mji mzima. Mafundi cherehani waliisikiliza kwa ajili ya matokeo ya mpira. Sista alifumbua mdomo aseme, lakini Mratibu alikuwa ameshageukia benchi la ukumbini, ambako mwanamke mmoja alikuwa amekaa na mama mkwe wake, amempakata mtoto wa kuchanjwa. Alikuwa mke wa fundi cherehani. Kwenye orodha ndiye alikuwa namba moja.

"Mama," Mratibu aliinama kwa upole, "wewe umeokoka?"

"Nimeokoka, baba. Hapa hapa, chumba kile cha mwisho."

"Lini hiyo?"

"Novemba. Nilikuwa nimeshakwisha mimi. Huyu Sista alinipigania tangu asubuhi mpaka alasiri."

Mratibu alimtazama Sista kwa macho ya kumwambia huo unyenyekevu wako utakuua. Akatoa kalamu. "Na ulipookoka tu, ulijisikiaje moyoni?"

Mke wa fundi alifikiri. "Nilisikia kiu."

Mratibu akaandika: kiu. "Kiu ya nini, mama?"

"Ya maji," mama mkwe alidakia. "Mtu kamwaga damu ndoo nzima, ulitaka asikie kiu ya nini?"

Sista alimshika mgeni wake kiwiko, akampeleka ofisini kama anavyopelekwa mlevi aliyeingia msibani, akafunga mlango. Akamweleza. Hakumweleza vizuri, maana hasira zilikuwa zimemkaba: hasira za Karani na siku zake mbili za uchambuzi, za watu wa makao makuu wanaokaa chini ya feni wakibuni mistari saba, na za mwanamke mzima anayesaini karatasi bila kuisoma. Hizo za mwisho ndizo zilikuwa kali zaidi, na hakuwa na wa kumtolea.

Mratibu alikaa chini. Akalifunga jalada.

"Tulifunga siku tatu kwa ajili ya hao watu," alisema mwishowe. "Tukaimba. Mimi mwenyewe nililia kama mtoto."

"Pole."

"Hapana, nisikilize, dada. Walikuwa wameshaamua kukifunga hiki kituo mwisho wa mwezi wa sita. Miaka kumi na moja, hakuna hata mmoja. Walisema huduma ihamie kwenye watu. Sitini na mmoja ndiyo iliyowarudisha nyuma. Nikirudi na sifuri, hapa panafungwa." Akashusha sauti. "Tufanye hivi. Majina tuyaondoe. Namba tuiache. Uongo hapo uko wapi? Si wameokoka kweli?"

Sista hakumjibu papo hapo, na hilo alijilaumu nalo baadaye. Aliwaza wodi yake, vitanda sita, na kwamba hospitali nyingine iko mwendo wa saa nne kwa gari, kwa mwenye gari. Mwanamke wa kumwaga ndoo nzima hafiki huko. Namba tupu haina uso, haina mume. Kisha akaiona Jumapili. Redio inasema wanawake sitini na mmoja wa mji huu wameingia Ukristo kwenye kituo cha Sista, haitaji hata mmoja, na kila mume anamgeukia mkewe aliye pembeni yake. Hapo wataharibikiwa wote, hata wale waliokuja kupimwa presha. Na jirani wa kwanza kuanza kuumwa uchungu baada ya hapo atafungiwa ndani ajifungue mwenyewe, kulinda heshima ya mumewe.

"Nipe orodha," alisema.

"Dada, fikiri."

"Nimefikiri. Nipe."

Aliipokea, akaichana. Akachukua fomu mpya, akaandika kwenye mstari wa tano: 0. Iliandikika kwa sekunde moja. Akasaini.

Lakini fomu ilitaka saini mbili, ya aliyeandaa na ya aliyethibitisha, maana makao makuu hawana dogo. Akamwita Karani. Karani alikuja, miwani juu ya paji la uso, akaishusha, akasoma, akasoma tena.

"Hii sisaini, Sista."

"Saini tu, nitakueleza."

"Sifuri? Mke wa fundi yuko hapo nje ananyonyesha. Ukiandika sifuri, maana yake wote tumewazika. Sijawahi kumwandika mtu aliye hai kuwa maiti, na sianzi leo."

Mratibu aliangalia dirishani. Sista alikuwa na hasira tangu asubuhi, na sasa hakujua tena ammwagie nani. Akavuta kiti akaanza kumweleza Karani kuokoka ni nini: dhambi, msalaba, mtu kumkabidhi Kristo maisha yake. Maneno yalimtoka kwa kukwamakwama, kama ya mtu anayesoma barua ya mwenzake. Ndipo alipotambua, tena mbele ya mgeni, kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza. Miaka kumi na moja kwenye meza moja, walishaongea homa, mvua, mabinti wanne wa Karani na wachumba wao wasiofaa kitu, na neno hili moja alilotumwa kulisema alikuwa hajawahi kumwambia.

Karani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kwenye fomu yenu, aliyeokoka ni aliyeacha dini yangu akashika yenu."

"Ni zaidi ya hapo. Lakini ndiyo."

"Na mimi? Miaka yote hii ulikuwa unataka niokoke hivyo?"

Sista angeweza kuzunguka. Kuzunguka alikujua. "Nakuombea hilo kila asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa kesho yake usingekuja kazini."

Karani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Hakuonekana kuudhika. Alionekana kama mtu aliyekuta jina lake limeandikwa vibaya.

"Ungeniambia, Sista," alisema. "Ningekataa, na kesho yake ningekuja kazini."

Akavuta fomu, akasaini chini ya sifuri kwa mwandiko wake ule mzuri, akarudi kwenye dirisha lake la mapokezi kuita mgonjwa anayefuata. Sista alibaki amekaa. Hasira zote zilikuwa zimemwisha, amebaki na aibu, na miezi minne ya kufanya kazi naye kabla kituo hakijafungwa.