Pua ya Kigari cha Bluu

Winchi hapaki rangi gari zima. Kila kigari utakachokikuta mezani kwake kimebonyea paa, kimekunjika mlango, au kimelala ubavu kwenye kipande cha mbao alichokipaka kikafanana na lami. Kazi yake ni kuendesha lile gari kubwa lenye mnyororo nyuma, linalovuta magari yaliyopata ajali, na wamemwita Winchi mpaka mkewe akilitaja jina lake la kuzaliwa haitiki. Mchana analivuta gari kutoka mtaroni. Akirudi nyumbani analitengeneza upya, dogo la kuenea kiganjani, vilevile alivyolikuta. Kioo kilichopasuka kinapasukia palepale. Kiti kilichoharibika na damu, mwenyewe anajua rangi anazochanganya, mimi sijawahi kumuuliza.

Mimi nauza nyama. Kutwa nzima nashika shoka na kisu, nikifika nyumbani nashika brashi nyembamba kama kope. Vyangu vinang'aa. Nanunua vigari vya chuma ambavyo watoto wamevichoka, navivua rangi ya kiwandani kwa tina, nasugua kwa msasa laini, napiga praima, kisha naweka rangi nyembamba nyembamba, moja ikauke ndipo nyingine ifuate. Ukingo wa dirisha nauvisha ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Kwenye mstari wa mlango napitisha nyeusi iliyozimuliwa sana, mpaka ukiutazama unaona kama mlango utafunguka. Mke wangu anaviita wakwe zangu, kwa sababu, anasema, hajaniona nikimnyenyekea mtu mwingine hivyo.

Winchi husema vyangu ni maharusi wasiotolewa nje. Mimi humwambia vyake ni maiti zisizozikwa. Basi tunacheka, tunaazimana brashi, maisha yanaendelea.

Jumamosi baada ya kufunga bucha nilipita kwake kuomba tina. Alikuwa uani ananawa. Nikaingia mwenyewe kwenye kile chumba anachofanyia kazi, na mezani nikakiona kigari cha bluu. Ilikuwa bluu yenye ukijani kwa mbali, ile inayotokea gari likipakwa mara ya pili na fundi aliyeishiwa rangi katikati. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na kibandiko cha kichwa cha ng'ombe, pembe moja imebanduka. Hicho ni kibandiko cha bucha yangu. Mlangoni kulikuwa na mkwaruzo, pale mwanangu alipolikwaruza kwenye lango letu. Lilikuwa gari langu. Pua yake upande wa kushoto ilikuwa imesukumwa ndani, gurudumu limesogelea kiti cha abiria.

Na gari langu lilikuwa nyumbani, zima, limeegeshwa ukutani. Nilikuwa nimetoka kulipita dakika ile.

Gari lile analiendesha mwanangu mkubwa. Ndiye anayepeleka nyama kwenye mahoteli. Kesho yake, Jumapili, alikuwa ampeleke mama yake upande wa pili wa mlima kumwona mama mdogo, yaani mdogo wa mke wangu, aliyetoka hospitali. Abiria wa kiti cha kushoto, kwa hiyo, nilimjua.

Winchi akaingia anajifuta mikono kwa shati.

"Hiki nini?" nikamuuliza.

"Sijakimaliza."

"Gari langu liko zima."

"Najua liko zima."

"Wewe si ndiye unayesema hupaki usichokiona?"

Winchi si mwepesi wa maneno. Ukimuuliza njia, hakuelekezi, anakupeleka. Akachukua brashi, akaitazama, akairudisha. "Nimeshavuta mengi yaliyoishia hivyo," akasema. "Mwanao nilimwambia. Akasema natafuta kazi."

Mtu mwenye akili zake angeuliza alimwambia nini. Damu ilikuwa imeshanipanda kichwani. Mtu mzima hashonewi sanda, na anayesafiri hasindikizwi kwa matanga.

"Unanichuria," nikamwambia. "Mke wangu na mwanangu wanapanda mlima kesho, wewe leo umewachongea jeneza."

"Kipindue," akasema. "Kipindue kwanza uone chini."

Huo ndio ugonjwa wake. Hakuna kigari chake ambacho hutaambiwa ukipindue, uone bomba la moshi lilivyoshika kutu, uone springi, uone tone la oili. Ukimtembelea na mgonjwa mgongoni atakwambia kipindue. Nikamjibu kwamba bomba la moshi apindue mwenyewe. Nikakitia kigari mfukoni, nikatoka. Aliniita mlangoni mara moja, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya mbele ya majirani. Sikugeuka.

Asubuhi mke wangu akakikuta mezani kwangu. Alikuwa amekwisha vaa, mkoba begani.

"Hili si letu? Nani kaligonga?"

Nikamweleza upuuzi wa Winchi, nikijitahidi kuufanya upuuzi kweli. Akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akakiri kwamba pembe ya ng'ombe ameipatia. Hakuogopa hata kidogo. Alikiweka polepole kwenye gazeti, kama anayemlaza mtoto.

"Basi mtibu mgonjwa wako," akasema. "Ukimaliza utatukuta tumerudi."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni anazungusha ufunguo kidoleni. Nilitaka kusema msiende. Neno lilifika kwenye meno. Lakini ningesema kwa nini? Mtu anayechinja ng'ombe ameogopa mwanasesere? Na mdogo wa mke wangu ameshaambiwa wanakuja. Nikatoka nao nje. Nikalizunguka gari, nikakagua taa, nikalipiga tairi la mbele teke. Lilikuwa zuri, gumu, mistari yake yote ipo. Nikamwambia kijana aende taratibu. Akajibu, "Sawa, mzee," kwa sauti ya mtoto aliyekwisha kufika aendako.

Walipoondoka nikaketi kwenye kazi. Nilisema moyoni kwamba kama uchuro umo kwenye pua ile, basi pua ile nitainyoosha kabla hawajavuka mlima. Najua inavyosikika. Lakini kaa peke yako nyumbani na kitu kama kile mezani, uone utafanya nini.

Bodi ilikuwa ya plastiki. Winchi alikuwa ameipasha moto akaibonyeza. Nikaipasha juu ya mvuke wa birika, nikaisukuma kutoka ndani kwa mpini wa kijiko, kidogo, tena kidogo, ikakubali kurudi. Palipobaki shimo nikajaza pati. Nikasugua. Nikatengeneza taa mpya kwa kipande cha kifuniko cha kalamu. Bluu ndiyo iliyonisumbua. Nilichanganya nikajaribu kwenye kijiko, nikachanganya tena, mpaka ule ukijani wa mbali ukaja. Nilipopulizia mara ya kwanza, kifua kikaanza kufunguka. Mara ya pili nilikuwa napiga mluzi.

Katikati ya hayo simu ikalia. Alikuwa Winchi. Mikono yangu ilikuwa na rangi, na hasira yangu ilikuwa bado mbichi. Nikaiacha ilie. Akapiga tena. Nikaifunika kwa kitambaa.

Ilipofika zamu ya magurudumu, kigari kilikuwa kimepona. Mimi matairi huwa siyapaki meusi matupu. Nachanganya na kijivu, kwa sababu hakuna tairi jeusi barabarani. Basi nikakipindua, nianzie ndani, nije nje. Nikaanza na la kushoto mbele.

Kwa nje Winchi alikuwa amelichonga vizuri, mistari yote, tairi jipya kama lile nililolipiga teke. Kwa ndani hakukuwa na mistari. Alikuwa amelikwangua kwa wembe likawa laini, na ukingoni, pale linapotazama injini, alikuwa amepaka nyuzi za rangi ya fedha, nyembamba sana, zimetokeza nje ya mpira kama mifupa ya samaki. Nikageuza yale matatu mengine. Yalikuwa salama.

Nikakumbuka. Wiki iliyopita mwanangu alimpelekea Winchi maini, akaegesha kwake. Winchi haoni gari bila kulala chini yake. Pua ile aliitunga. Waya zile hakuzitunga.

Mwanangu hapokei simu akiendesha, nilimfundisha mwenyewe. Nikampigia mama yake. Iliita mpaka nikadhani haitapokewa.

"Mgonjwa kapona?" akasema.

"Mko wapi?"

"Tumemaliza kupanda, tunashuka. Kuna ukungu kidogo, lakini..."

"Mwambie asimame. Sasa hivi. Tairi la mbele, upande wako, limekwisha."

Nikamsikia akimwambia. Nikaisikia sauti ya kijana, maneno sikuyapata.

"Anasema wewe mwenyewe ulilipiga teke asubuhi."

"Kwa nje ni zima. Limelika kwa ndani, limefika kwenye waya, huwezi kuliona mpaka ulale chini. Winchi ameliona."

"Ameliona wapi?"

Hapo ningesema uongo. Ningesema amenipigia, ameapa, analia. Lakini nilikuwa nakitazama kile kigari, kimelala chali mbele yangu, nikasema kweli.

"Amelipaka. Kwenye kigari. Nimekipindua ndiyo nimeona."

Akacheka. Si kwa dharau. Alicheka vile anavyocheka akinikuta nimesinzia na brashi mkononi. Akanong'ona na kijana tena.

"Anasema hapa hapana pa kusimama, baba. Huku ukuta wa mlima, huku korongo, na lori limetukalia nyuma. Tukifika chini atasimama, atalala chini kabisa, uridhike."

"Apunguze mwendo basi. Mwambie apunguze."

"Anapunguza."

Hakukata simu. Nadhani aliiweka mapajani. Nikasikia injini, nikasikia honi ya lori, ndefu, ya mtu asiyependa kungojeshwa. Nikamsikia akimsimulia kijana kwamba baba yake amelipima gari mezani kwa miwani. Kijana akasema tairi likigoma atanipigia nije nilipulizie vanishi. Wakacheka wote.

Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili, bluu imeganda kwenye kioo chake. Sikusema neno, nisije nikawavuruga. Wanicheke tu, niliwaombea, wanicheke hivyohivyo mpaka chini.

Wakanyamaza wote wawili kwa pamoja.